Figa la Tatu la Avelina

Ziwa Nyasa lilipopanda mwaka huu, maji yaliingia jikoni kwa Avelina, mwanika dagaa wa Mbamba Bay. Alikuwa ameshatoa mafiga mawili. Akarudi kufuata la tatu, maji yakiwa magotini na ukuta ukipasuka.

"Shangazi, toka!" alipiga kelele Kiliani, mtoto wa kaka yake, mwalimu wa jiografia. "Acha hilo jiwe!"

"Si unafundisha kwamba Wajerumani na Waingereza walichora mpaka ukingoni mwa maji? Basi jiko langu limeshaingia Malawi!"

"Hiyo ramani ya wakoloni! Sisi Watanzania tunasema mpaka uko katikati ya ziwa. Toka!"

Alitoka amekumbatia figa. Nyuma yake ukuta ukaanguka majini.

"Wakoloni walichora bila kuniuliza," alisema akihema, "na ziwa nalo halikuuliza. Shika hili. Leo mpaka ni pale nitakapopikia."