Matone ya Babu Gidabuday

Babu Gidabuday, baba mzazi wa mama yangu, husimama kila asubuhi kwenye lango la zizi letu hapa Basotu akiwa na fimbo yake. Ng'ombe wakianza kutoka anamtaja kila mmoja kwa rangi. Hahesabu. Kuhesabu mifugo hapendi kabisa, anasema ni kuitakia mabaya. Akimaliza kutaja anajua kama wote wapo.

Mwaka juzi alianza kuuliza, "Yule mweusi mwenye paji jeupe yuko wapi?" wakati ng'ombe mwenyewe ameshapita kushoto kwake, karibu amkanyage.

"Babu, si ameshapita hapo!"

"Amepita wapi? Ameruka?"

Tukacheka, na yeye akacheka. Sasa nikikumbuka kicheko kile moyo unaniuma.

Mama alipompeleka hospitali, daktari wa macho, Dk. Onesphory, alisema ni glakoma, ile ambayo watu huiita presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho hukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na haiumi, kwa hiyo mtu anakuja kushtuka kumebaki kidogo. Jicho la kushoto lilikuwa karibu limekwisha. La kulia lilikuwa bado linaona, lakini pembeni kumeanza kuliwa.

"Kilichokwenda hakirudi, Mzee," daktari alimwambia. "Tunalinda hiki kilichobaki."

Alimuuliza kama ana pumu au ugonjwa wa moyo. Babu akajibu kwamba ujanani alitembea kwa miguu mpaka Mbulu na kurudi, huo moyo ungemuuma saa ngapi? Wakampima, mapigo yakawa mazuri. Akapewa kichupa kidogo cha matone ya timolol, tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. "Ukisikia kifua kinabana, au kizunguzungu, usingoje siku ya kliniki. Njoo siku hiyo hiyo."

Babu hakuruka hata siku moja. Hakutaka mtu amsaidie. Alikaa kwenye kigoda chake, akainua uso, akadondosha, kisha akavuta pumzi kwa pua kwa nguvu, hssss! Halafu akakohoa kidogo na kusema, "Kali. Imefika."

"Imefika wapi, Babu?" nilimuuliza.

"Kichwani. Dawa isiyosikika si dawa, ni maji."

Hakuna aliyeshangaa nyumbani. Babu amevuta ugoro tangu kabla mama hajazaliwa, na ugoro unawekwa puani, unavutwa, unangojewa ushuke kooni. Matone nayo yalishuka kooni yakiwa machungu. Tuliona anajua kutumia dawa kuliko sisi.

Baada ya wiki kadhaa akaanza kupumzika katikati ya nyumba na zizi, na hapo ni hatua chache tu. Mzee Sulle, rafiki yake ambaye shamba lake limepakana na letu, alimtania.

"Gidabuday, mbona siku hizi unatembea kama bwana harusi?"

"Naogopa kukukanyagia hayo mahindi yako mawili."

"Mawili? Njoo wakati wa kuvuna uone!"

Walicheka, lakini niliona Babu ameshika nguzo ya uzio na haiachii. Mama akimuuliza alijibu neno moja: uzee.

Ikafika asubuhi moja akaanguka palepale langoni, ng'ombe wakiwa wanatoka. Sijui kwa nini hawakumkanyaga. Waligawanyika wakapita pande zote mbili. Mama alimvuta kwa shuka alilojifunga. Uso wake ulikuwa wa baridi na una jasho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Msimwambie daktari."

"Kwa nini, baba?"

"Ataichukua dawa. Akiichukua nitabaki gizani."

Mama alimpangusa jasho. "Kwa hiyo ulikuwa unajua ni dawa?"

"Tangu wiki ya pili."

Karibu miezi mitatu, basi, alikuwa akizidiwa kidogo kidogo bila kutuambia, ili aendelee kuona. Mama alikodi gari bila kumuuliza tena.

Dk. Onesphory alimshika mkono, akatazama saa yake. Mapigo arobaini na manne kwa dakika. Wakampima moyo kwa mashine, kisha daktari akampa kichupa cha maji safi ya macho. "Shikamoo tena, Mzee. Hebu nionyeshe unavyoweka ile dawa."

Babu akainua uso. Akadondosha. Hssss!

Daktari aliweka kalamu chini. "Hiyo ya kuvuta ulifundishwa na nani?"

"Ugoro," Babu akasema.

Ndipo daktari alipotueleza kwamba kwenye kona ya jicho, upande wa pua, kuna mfereji mwembamba unaoshuka hadi puani. Ndiyo maana tukilia pua inachuruzika! Sikuwahi kujiuliza. Dawa ikivutwa huko inaingia kwenye damu, inafika kwenye moyo na kuupunguza mwendo. Ule uchungu wa kooni ulikuwa dawa inayolitoroka jicho. Akamshika Babu kidole, akamfundisha: nawa mikono, vuta kope ya chini, tone moja, mdomo wa kichupa usiguse jicho, kisha fumba taratibu na ubonyeze ile kona kwa dakika mbili.

Babu alibonyeza mpaka mwisho. Akauliza akiwa bado amefumba, "Nikifanya hivi, nibaki nayo?"

"Hapana, Mzee. Kubonyeza kunapunguza, hakuzuii yote. Kwa mapigo haya siwezi kukurudishia timolol. Nitakupa ya aina nyingine, jioni tu, na hiyo nayo utabonyeza hivyo hivyo." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Siku ya kwanza nilikueleza tu. Nilipaswa kukuomba unionyeshe."

Walimlaza siku tatu mpaka moyo ukarudi kwenye mwendo wake. Kliniki ya mwezi uliofuata presha ya jicho la kulia ilikuwa imeshuka.

"Kwa hiyo nitaona mpaka lini?" Babu aliuliza.

"Siwezi kukuahidi, Mzee. Tutaangalia kila baada ya miezi mitatu."

Babu akanyoosha mkono, akapapasa kushoto kwake ambako haoni, mpaka akampata mama.

"Mweleze na huyu," alimwambia daktari. "Zile dalili zote, moja moja. Mimi nikinyamaza tena, yeye aseme."