Mama, Mkwe Wake na Kifutu

Mimi ni mtu wa kujisifu, na wenzangu sokoni Kondele wameshanizoea. Wao hujisifu kwa watoto walio ng'ambo na nyumba za mabati mapya. Mimi hujisifu kwa nyoka. Si kwamba namfuga, Mungu apishe mbali. Ni kwamba alikuja nyumbani kwetu kuua, na walioshindana naye ni mama yangu na mume wangu. Kisa hiki sichoki kukisimulia, na anayechoka kusikiliza ahamishe kibanda chake.

Kwetu ni ndani kidogo kutoka Awasi, kwenye udongo mweusi unaong'ang'ania miguu mvua ikinyesha. Nyoka tunao. Yuko swila, anayekutemea sumu machoni, lakini huyo mara nyingi akikusikia hukimbia. Tunayemwogopa zaidi ni kifutu, mfupi, mnene, mwenye rangi ya majani makavu. Wenzake wakisikia nyayo huondoka, yeye hulala palepale mpaka umguse. Uvivu wake umezika watu wengi.

Siku hiyo mume wangu alinileta kumwona mama. Yeye huendesha boda boda, na stendi yake iko hapa hapa Kondele. Kwa kuwa anakwenda ukweni, alikuwa amevaa shati la kupiga pasi, na lile koti lake la kazi, la njano linalong'aa, amelikunja akalifunga nyuma ya pikipiki pamoja na mfuko wa dagaa wa omena. Alinishusha, akabaki langoni.

Niwaeleze wasiotujua. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake, tunayemwita maro, huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hata kutazamana usoni ni kukosa adabu. Mama yangu hushika desturi hii kuliko kijiji kizima. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kumwambia mume wangu neno lolote moja kwa moja. Kila kitu kilipitia kwangu, hata salamu.

Basi mama alikuwa akitafuta mayai. Alikuwa na kuku mmoja mjeuri aliyekataa kiota akawa anataga chini ya kuni. Mama akachuchumaa, akapenyeza mkono.

"Thuol okaya," nikamsikia akisema. Nyoka ameniuma. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imeisha, na hapo ndipo mimi nilipoogopa. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na matundu mawili yanayotoa damu. Kifutu mwenyewe alikuwa bado amejikunja kwenye kuni, akivuta na kutoa pumzi kwa kishindo kama tairi lililotobolewa.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alikuja mbio kutoka boma la pili akiwa na mpira wa baiskeli na wembe. "Lete mkono tufunge! Tufunge, tuchanje, damu mbaya itoke!" Nilimsukuma mpaka akakaa chini. Sikumwomba radhi wakati ule na sitamwomba. Tuliwahi kuwa na jirani aliyefungwa hivyo, mkono ukaoza akingali hai. Nilichukua mwiko wa ugali, nikaulaza chini ya mkono wa mama, nikauzungushia leso bila kukaza, ili mkono utulie tu. Nikamkataza kutembea. Baba mdogo alikwenda kumalizia hasira zake kwa kifutu, na hilo alilifanya vizuri, simnyimi haki yake.

Tulipiga simu. Hospitali iliyokuwa na dawa ya sumu ya nyoka siku hiyo ilikuwa ng'ambo ya Awasi, na chombo kilichokuwepo ni pikipiki peke yake. Maana yake tupande mshikaki: mume wangu mbele, mama katikati amemwegemea, mimi nyuma nikiwashika wote. Mama aliitazama pikipiki, akaelewa kabla sijafungua mdomo.

"Siwezi," akasema. "Kifua changu kwa mgongo wa mkwe wangu? Afadhali mnizike na heshima yangu."

Mume wangu alikuwa langoni, uso ameugeuzia barabara. "Mwambie Mama tunachelewa."

"Mwambie huyo bwana nimesikia."

"Mwambie nitaangalia mbele tu. Sitageuka hata kidogo."

"Mwambie si macho yake ninayoogopa. Ni desturi."

Nami katikati nikirudia kila neno, kama mkalimani wa mhubiri kwenye mkutano wa injili, na hali wote wawili wanasikia vizuri kabisa. Vidole vya mama vilikuwa vimevimba, ngozi inang'aa, na jasho linamtoka kwenye midomo. Nililia kwa uchungu na kwa hasira pamoja. "Yawa! Nyinyi wawili mtaniua mimi kabla ya sumu kumuua huyu!"

Mama alifumba macho. Nilidhani anasali. Alipoyafumbua aliniuliza, "Akiwa stendi, yeye hubeba akina mama?"

"Kila siku, Mama."

"Na wanamshika?"

"Wasipomshika si wataanguka?"

"Basi mwambie mkwe wangu aende zake. Sitaki kumwona hapa. Halafu niitie boda."

Nilidhani sumu imempanda kichwani. Mume wangu alielewa kabla yangu. Alisukuma pikipiki mpaka nje ya ua, akavaa koti la njano juu ya lile shati la pasi, akavaa helmeti, akawasha. Aliingia uani kwa kasi, kuku wakatawanyika, akapiga honi mara mbili.

"Mathee, wapi? Awasi? Panda twende, kuna nafasi!" Ilikuwa sauti yake ya stendi, sauti ambayo hakuwahi kuthubutu kuitoa karibu na ukweni.

"Mpaka hospitali," mama akamjibu tukimwinua. "Na usiendeshe kama mwendawazimu, kijana."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya mama kwa mume wangu tangu nilipoolewa. Nilikuwa ninalia na ninacheka, sijui kipi kilikuwa kingi.

Njia nzima mama alikuwa amelaza shavu kwenye mgongo wa lile koti. Alilitapikia, na mume wangu hakugeuka. Kila penye tuta alipunguza mwendo, akasema, "Shika, Mama," naye akajibu, "Nimeshika." Sauti yake ilipoanza kufifia, mume wangu akawa anamwita hata pasipo tuta, mpaka tukafika.

Dawa ilifanya kazi. Kidole cha shahada hakikupona, kikakatwa. Daktari alisema mkono kutulizwa vile na mama kuletwa upesi ndiko kulikomwokoa, nami nilimwomba aseme tena, kwa sauti, watu wa wodi nzima wasikie.

Lakini kijijini maneno hayakosi. Mama aliporudi, baba mdogo aliwaita wazee wa ukoo nyumbani kwetu. Alisema mkwe amemshika maro mchana kweupe, watu wakiona, na kwamba lazima alete mbuzi wa kusafisha aibu hiyo. Mimi nilikuwa nimeshasimama, ulimi ukiniwasha. Mama akaniashiria nikae. Akauweka mkono wake mezani, bandeji na yote.

"Mkwe wangu siku ile hakuwepo," alisema. "Aliyenibeba ni mtu wa boda."

"Shemeji, tulimwona sote!"

"Mliona mtu wa boda. Mkwe wangu angekuwepo, akakaa pale akinitazama nikifa kwa sababu ya heshima, huyo ndiye ningemdai mbuzi. Na wewe ungemla naye juu ya kaburi langu."

Wazee walitazama chini. Baba mdogo aliutazama ule mkono wenye vidole vinne, akasema mambo ya mbuzi yameisha. Mimi nilikuwa na maneno tele, lakini ya mama yalitosha. Huyo ndiye mama aliyenizaa.