Sindano Yenye Tundu la Kamba

Mwaka wenyewe ni tisini na ngapi sijui, ila ni ule tuliokula maembe mabichi ya kuchemsha, mto ulipobeba mpunga wote. Haya niliyaona kwa macho yangu, tena mchana, wala sikuwa na homa.

Mjukuu wangu Agata, miaka mitatu, alikatwa na jembe mguuni. Nikambeba toka Namawala mpaka hospitali. Daktari akasema lazima ashonwe, ila kwanza mguu utiwe ganzi.

"Lakini bibi, kwa mtoto mshipa wa fahamu ni kama uzi. Sindano ya wakubwa itauchana, atachechemea maisha. Ngoja nifuate ile nyembamba."

Akatoka. Saa sita, wodi imejaa, hakuna upepo. Akaja nesi nisiyemjua.

"Shikamoo bibi."

Nikaitikia marahaba bila kumtazama usoni, na hilo ndilo kosa langu. Nje matope mpaka magotini, viatu vyake vyeupe kama wali.

"Nimekuja kumtia ganzi mjukuu."

Akatoa sindano. Mimi nimeshona magunia ya mpunga tangu sijavunja ungo. Wewe umeona wapi sindano ya hospitali yenye tundu la kamba?

"Hiyo ni ya gunia," nikamwambia.

"Ganzi ni ganzi, bibi. Hatasikia kitu tena."

Mama wa kitanda cha pili akaniuliza, "Bibi, unaongea na nani?"

Ningekimbia, nimwache Agata? Nikasema: "Sindano hiyo haiingii kwa mtoto huyu, labda uanzie kwangu."

Akaanzia kwangu. Akanichoma kiganjani, baridi ikapanda mpaka kiwiko. Daktari aliporudi na sindano yake, nyembamba kama unywele, nesi hayupo, damu ipo kiganjani mwangu. Agata akashonwa kimya, na miguu yake yote miwili ni mizima.

Mkono wangu ndio haujarudi. Naushikisha kaa la moto, sisikii. Saa sita mchana sikai, nazunguka uani tu. Sikatazi hospitali, msinisingizie. Nasema tazama uso, tazama sindano, ndipo uitikie salamu.

Juzi mtoto wa Agata kalazwa, jipu. Saa sita mlango ukafunguka.

"Shikamoo bibi."

Nikatazama sindano: ina tundu la kamba. Sikuitikia. Nikasimama mbele ya kitanda, nikamnyooshea mkono uliobaki: "Sindano hiyo haiingii kwa mtoto huyu, labda uanzie kwangu."