Njia Iliyozibwa Gisozi

Mama ni fundi cherehani, na miaka yote tuliyoishi mlimani Gisozi alishuka barabarani kwa njia nyembamba iliyokatiza kiwanja cha jirani. Jirani alipokuwa akijenga, mafundi wake walichota maji kwenye bomba letu. Nyumba ilipokwisha, akainua ukuta akaziba njia. Siku moja Mama akapitia langoni kwake, furushi la nguo za wateja kichwani. Jirani akamsimamisha uani.

"Nani amekuruhusu kuingia? Hapa ni kwangu. Ukirudia naita polisi."

"Sijaingia kwako, mwanangu," Mama alimjibu. "Napita njia yangu."

Tukaenda kwa abunzi, wapatanishi wa mtaa. Walikuja wakatazama, wakakubali kwamba njia ile ni haki yetu, na wakamwamuru jirani atoboe mlango ukutani. Akautoboa, mfinyu kama wa banda la mbuzi.

Siku ya kwanza Mama alipopita, mimi nyuma yake, mke wa jirani aliinuka kitini, akaanua nguo zote kambani zikiwa bado zinachuruzika maji, akaingia nazo ndani. Tulipofika barabarani Mama alinigeukia, machozi yakimlengalenga.

"Nimewashonea watu wa mlima huu mpaka nguo za harusi," alisema, "leo naanuliwa nguo kama mwizi."

Hakupita tena. Anapanda juu na kuzunguka mbali, na magoti yake yale mabovu. Mimi napita mlango ule kila asubuhi, polepole, wala siwasalimii.