Mkono wa Attracta

Attracta Mannion hakwenda gulio la Oktoba kuuza kitu. Hilo alimwambia kila aliyekutana naye asubuhi ile, na hakuwa akidanganya, au tuseme hakuwa akidanganya sana. Alikuwa akimpeleka Riona, farasi jike wa kaka yake Fintan, akashindanishwe mchana kwenye uwanja wa maonyesho, kama Fintan mwenyewe alivyofanya kila mwaka. Safari hii Fintan alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga, akamwachia dada yake kazi hiyo kwa maagizo marefu utadhani anamkabidhi nchi.

Shida ni kwamba njia ya kwenda uwanjani hupita katikati ya gulio, na gulio la Kilcreevan halimwachi mtu apite na farasi hivi hivi. Barabara ilikuwa tope tupu na mavi ya farasi, watu wamejaa hadi milangoni mwa baa. Jarlath Tuohy, mfugaji wa ng'ambo ya mto, akamzunguka Riona, akampapasa miguu, akamkagua meno.

"Bei gani, bibie?"

Umri wote ule, na hakuna aliyewahi kumuuliza Attracta bei ya chochote. Nyumbani Fintan ndiye aliyeuza na kununua. Yeye kazi yake kubeba ndoo za maji na kuzoa samadi. Angejibu tu kwamba farasi hauzwi. Ulimi ukamwasha.

"Huyu wewe humuwezi. Pesa zako hazitoshi."

Watu wakacheka. Jarlath akataja bei. Attracta akaguna, akageuka kama anayeondoka. Jarlath akapandisha. Attracta akamwambia kwa pesa hizo akanunue mbuzi, kisha akataja bei yake mwenyewe. Watu wakazidi kuwazunguka, na humo humo akachomoza Packie Scahill, dalali asiyeitwa na mtu, ambaye hana farasi wala zizi ila ana mdomo.

"Gawaneni hiyo tofauti, msituchoshe! Mama, lete mkono. Lete bwana, hauliwi!"

Akamkamata kiganja. Attracta angeweza kujinasua, maana Packie ni mwembamba kama ufito. Hakujinasua. Aliona macho yote yanamtazama yeye, akatema mate kiganjani kama alivyowaona wanaume wakifanya tangu utotoni, akaupiga mkono wa Jarlath kofi lililosikika ng'ambo ya barabara. Watu wakashangilia. Na Kilcreevan mikono ikishapigwa, biashara imekwisha. Hata kasisi haivunji.

Raha ilidumu mpaka Jarlath alipomhesabia pesa na kushika kamba. Riona akageuza kichwa kumtafuta Attracta. Nilikuwa natania tu, akajiambia. Kisha, kwa kuwa si mjinga, akajiuliza kama kweli alikuwa akitania, akakumbuka asubuhi zote za baridi alizomlaani yule mnyama kimoyomoyo. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Fintan alifika mchana, amevaa tai, anajikongoja kwa magongo yake, akamkuta dada yake kwenye uzio wa uwanja, mikono mitupu.

"Riona yuko wapi?"

"Kaka, nimemuuza."

"Acha mzaha wako. Wanaingia sasa hivi."

"Si mzaha. Nimepiga mkono na Jarlath Tuohy. Sijui nilipatwa na nini. Nisamehe."

Kidevu cha Fintan kikatetemeka, na huyo ni mtu ambaye hakulia hata walipomzika mama yao. Jarlath alikuwa akija nyuma yao na Riona, kamba mkononi, akasikia yote. Naye ni muungwana. Akavua kofia.

"Fintan, kama dada yako hakuwa na ruhusa, mchukue mnyama wako. Nirudishie pesa zangu, yaishe."

Attracta akapumua. Alikwishanyoosha mkono kupokea kamba.

"Ngoja," Fintan akasema. Watu walikuwa wamesogea, Packie mbele kabisa, masikio wazi. "Mlipiga mikono?"

"Tulipiga," Jarlath akajibu.

"Kwa mate?"

"Kwa mate."

"Basi farasi ni wako. Nani kakwambia mkono wa dada yangu unaombewa ruhusa? Wa kwangu ni mkono, wa kwake ni mwiko wa uji?"



Attracta alitamani atukanwe. Aitwe mpumbavu mbele ya Kilcreevan nzima, angalau apate pa kulilia. Badala yake kaka yake alimpa heshima aliyoitamani miaka yote, na akailipia kwa farasi wake.

"Mchukue, kaka," akamnong'oneza. "Nakuomba. Mchukue."

Fintan akanyoosha tai yake. Jarlath akaingia uwanjani na Riona, na majirani wakaanza kuja mmoja mmoja kuuliza kama yule si farasi wa kina Mannion.

"Alikuwa wetu," Fintan akawa anawajibu, kwa sauti kubwa na ya maringo. "Dada yangu kamuuza. Tena kwa bei nzuri."

Aliyarudia hayo mchana kutwa kwa kila aliyeuliza, akitabasamu, na muda wote huo aliupa uwanja mgongo.