Wimbo wa Mama Ndani ya Filamu

Juzi, nyumbani kwake Njiro, mjukuu wangu aliniwekea filamu ya zamani ya huku kwetu Meru. "Bibi, sikiliza muziki wake ulivyo mtamu," akasema. Nikasikia sauti ya mama yangu. Mtamu, eti.

Nilikuwepo alipouimba. Mchana ule kahawa ilikuwa imechanua, na harufu yake ilichanganyika na ya petroli ya gari la Mzungu aliyekuja na mashine ya kunasa sauti. Alitaka wanawake waimbe wimbo wa furaha. Mama akaanza, wenzake wakaitikia: aliyechukua shamba letu, mvua imkimbie. Mkalimani hakujua Kimeru. Akamwambia bwana wake kuwa wanashukuru mavuno. Mimi maneno niliyajua, lakini kwa kuwa Mzungu alitabasamu, nilidhani mama anamfurahisha mgeni, nikapiga makofi.

Sasa nimeona wimbo ule waliuweka wapi. Mlowezi anatembea na mbwa wake ndani ya shamba lile lile letu, na mama anasikika kana kwamba anamshangilia. Mwishoni majina yalipita, hata la mbwa. La mama halikuwemo.