Baridi Iliyoganda

Juzi nilipita duka la dawa za Kihindi huko Azaiba, mtaa wa Maskati, ikanijia harufu ya mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto na tangawizi. Nikamkumbuka mama. Kila baridi ya Maskati ilipokwisha, alijisugua mafuta hayo kutoa baridi mwilini, kama alivyofundishwa na jirani yetu Mhindi. Alasiri moja aliniita nimsugue mgongo. Karibu na kwapa, vidole vyangu viligusa kivimbe kigumu.

"Mama, nini hichi?"

"Baridi hiyo mwanangu, imeganda. Sugua, itayeyuka. Mbona mkono mlegevu, hujala leo?"

Nikasugua kwa nguvu zangu zote. Joto lilipoingia kila mtu alilalamika, mimi nikafurahi.

Tulimzika kabla baridi haijarudi. Sasa najua ilikuwa saratani. Nisilolijua ni kama mama aliamini maneno yake, au aliyasema ili nisilie.